Kichwa Changu Hakinyolewi

Watu wakisikia kwamba kilichoniangusha ni jiko la makaa, wananitazama kwa jicho la pole ambalo ndani yake kuna swali: kwani hukujua? Nimelizoea hilo jicho. Siku hizi nalijibu kabla halijafunguka vizuri. Nilijua, ndiyo. Nilijua vile kila mtu wa ploti yetu ya Uthiru alivyojua. Jiko linawashwa nje, unalipepea kwa kifuniko cha ndoo mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu, na likishaiva unaliingiza ndani. Ubaya ni moshi, na moshi umeisha. Mama yangu amefanya hivyo kule magharibi maisha yake yote, na sisi watoto wake tukalala kando ya hilo jiko tukaamka tukaenda shule.

Lakini nyumba ya mama ilikuwa na mwanya kati ya ukuta na paa ambao paka alipita akiwa ameinua mkia. Chumba changu cha Uthiru kilikuwa cha mawe, dirisha la chuma nimelifunga, na chini ya mlango nimesukuma blanketi kuukuu, kwa sababu ilikuwa Julai na baridi ya Julai ya huko haina adabu. Ilikuwa Jumapili alasiri. Nilikuwa nimetoka kanisani, nikabandika maharagwe, nikasema nijinyooshe kidogo yakiendelea kuchemka.

Maharagwe yakaungua, na hayo ndiyo yaliyoniokoa. Jirani yangu wa mlango wa pili alisikia harufu akaja kunigombeza, maana ni mtu wa kugombeza. Akagonga. Akagonga tena akiniita mvivu. Niliponyamaza alijua kuna jambo, kwa sababu mimi sijawahi kunyamaza nikiitwa mvivu, akaita wanaume wakavunja mlango. Mpaka leo tukikosana kwa ajili ya kamba ya nguo ananikumbusha, "Ni mimi nilikutoa!" Namwambia asante, kisha tunaendelea kukosana.

Yaliyofuata siyakumbuki. Nilisimuliwa na mwenzangu, ambaye huongeza chumvi, kwa hiyo mimi hupunguza kidogo. Huyu mwenzangu tunafanya kazi pamoja katika saluni moja mjini, ghorofa ya tatu, juu ya vibanda vya viatu. Sote ni wasusi. Kiti chake na changu vimekaa kando kwa kando mbele ya kioo kimoja. Tumeibiana wateja, tumerudishiana, tumenuniana na tumekula chapati moja.

Nilipelekwa kwanza zahanati ndogo ya karibu. Mtu wa pale alimwambia dada yangu mkubwa kwamba ubongo wangu umekosa hewa kwa muda mrefu, na kwamba familia ijitayarishe. Maneno ni hayo tu: mjitayarishe. Nikahamishiwa hospitali moja ya Parklands, chumba cha wagonjwa mahututi, mashine inanipumulia. Dada akaenda kwake Mutuini kubadilisha nguo, akarudi kesho yake amejifunga kitambaa kichwani na macho yamevimba.

Hapo Parklands daktari alisema hataki kubahatisha. Alitaka kuona kama ndani ya kichwa kuna kazi inayoendelea. Akamwita fundi wa mashine ya kupima mawimbi ya ubongo, kijana mpole anayesukuma kompyuta yake kwenye kigari. Nyaya za ile mashine zina vidude mwishoni, vidogo kama vifungo vya shati, na ni lazima kila kimoja kiguse ngozi ya kichwa. Fundi akanitazama. Kichwani nilikuwa na misuko midogomidogo imefika kiunoni, imejaa hata huwezi kuona ngozi. Mwenzangu ndiye aliyenisuka, na kazi hiyo ilitumaliza siku nzima na stima ikapotea katikati.

"Hapa sitapata mahali pa kubandika," fundi akasema. "Hizi nywele lazima zitoke."

Dada yangu akasema, "Mnyoeni tu."

Sasa mtu asiye wa kwetu hawezi kujua uzito wa neno hilo. Kwetu kichwa hunyolewa baada ya maziko. Mtu akishalazwa ndani ya udongo, wa damu yake wanakaa chini wanapita wembe, nywele zinaondoka na msiba, zinaota upya na maisha yanaendelea. Sisemi mtu hawezi kunyoa kwa kupenda kwake, wapo wengi na wanapendeza. Lakini mgonjwa amelala hajitambui, dada yake wa tumbo moja anasema anyolewe, hapo kila mtu wa magharibi aliyekuwa chumbani angeelewa kilichosemwa.

Mwenzangu si wa magharibi lakini alielewa. "Nani anyolewe?" akauliza. "Huyu? Huyu ni msusi! Akiamka apate kipara atatuua sote, tuanzie na wewe fundi."

"Akiamka," dada akasema.

"Ndiyo, akiamka! Kwani tumekuja kufanya nini hapa?"

Wauguzi wakamruhusu yeye peke yake, wakamvika joho la hospitali na barakoa, akasimama kando ya kitanda changu akaanza kufumua. Alifumua mpaka vidole vikafa ganzi. Ananiambia alikuwa akinitukana kimoyomoyo kwa kila msuko, kwa sababu ni mimi niliyeng'ang'ania apitishe kitana tena na tena nipate misuko myembamba. Fundi alirudi mara kadhaa akachungulia na kuondoka. Nywele zangu zikamalizwa, zikaoshwa kwa kitambaa cha maji, zikagawanywa, na vile vidude vikakaa mahali pake kwa gundi.

Mashine ikawashwa. Mistari ikaanza kupita kwenye kompyuta, mwenzangu anasema ilikuwa mikubwa na mivivu, kama mtu anayepanda mlima akiwa hana haraka. Fundi akapiga makofi kando ya sikio langu. Ile mistari ikapita vilevile. Akanifinya ukucha, bado. Akasema ubongo ulioumia hivi wakati mwingine huitikia sauti unayoijua, basi mtu wangu aniongeleshe. Dada akaruhusiwa kuingia, akanishika mkono akaniita jina la utotoni, akaomba. Mistari ikaendelea na safari yake.

Ndipo mwenzangu akainama. Akaniambia kwa ile sauti yake ya saluni, "We! Mteja wako amekuja. Yule wa mwisho wa mwezi. Nimkalishe kwangu?"

Mistari ikavunjika. Ikawa midogo, ya haraka, ikasukumana, kisha baada ya muda ikarudi kwenye uvivu wake. Fundi akasema, "Rudia." Akarudia, akaongeza kwamba mteja ameshaanza kuvua koti. Ikavunjika tena. Nilipomuuliza yule fundi miezi baadaye kama ni kweli ama ni chumvi ya mwenzangu, alicheka akasema mawimbi yalibadilika kweli, na kwamba kwao hiyo ni dalili njema: ubongo unasikia. Daktari aliwaambia watu wangu kwamba dalili si ahadi. Lakini hakuna aliyezungumza tena habari ya wembe. Nilikuwa nusu maiti, na bado mteja wangu simwachi!

Niliamka. Sitaki kuimba hapo, maana kuamka kwenyewe hakukuwa na utamu. Niliamka nikiwa na kichwa kama kabati lililobomolewa na wezi: kila kitu kimo, kimetupwa chini. Nilitaka maji nikasema mlango. Nilijua muuguzi si muuguzi tu, ana jina, ameniambia jina hilo asubuhi, na nikilitafuta napata kiatu. Nililia kwa hasira mpaka wakanidunga sindano ya kulala.

Nilipotoka hospitalini dada alinichukua kwake Mutuini. Ana kishamba nyuma ya nyumba, sukuma wiki na ndizi chache, na kando yake mtu amepandisha nyumba za kupanga zinazomkatia jua. Dada alinilea. Siwezi kusema vingine. Alinikorogea uji, aliniosha mgongo, alinishika mkono tukivuka barabara ya bodaboda kama vile mimi ni mtoto wa nasari. Na hapo ndipo ugomvi wangu ulipoanzia. Wageni walikuja wakakaa sebuleni, nami niko pale pale kwenye kochi na kikombe mkononi, wakamuuliza yeye: "Amekula? Analala vizuri? Anakumbuka watu?"

Dada anajibu, "Amekula kidogo. Analala. Anakumbuka, lakini anachanganya."

Mimi nikisikia. Nataka kusema, niulizeni mimi, nina masikio. Lakini maneno yangu yalikuwa yanakuja yakiwa yamechelewa. Nikiyapata, wageni washahamia habari ya bei ya unga, na mtu akiruka na neno "niulizeni!" katikati ya unga, basi amethibitisha kila walichofikiria. Kwa hiyo niliwakodolea macho.

Mara kwa mara tulienda Parklands kwa mama mmoja wa kufunza ubongo kazi upya. Alinionyesha picha nitaje. Siku moja akaniambia, "Nieleze unavyopika chai." Ai, chai! Mimi? Nikasema: unaweka sukari. Kikombe. Unachuja. Maji... Nikasimama hapo. Nilikuwa na vitu vyote vya chai ndani ya kichwa, kila kimoja nakijua kwa rangi na harufu, lakini ni kipi kinatangulia kipi, hilo lilikuwa limefutwa. Yule mama hakunicheka. Akaniambia mikono yangu haina ugonjwa wowote, na kumbukumbu inarudi, ila kinachoumwa ni mpangilio, ule uzi unaofunga hatua moja na nyingine. Akasema uzi huo hushonwa upya kwa kurudiarudia jambo unalolipenda.

Nilichokipenda ni kusuka. Basi nikaanza kusuka. Kichwa sikuwa nacho, nikachukua mopo ya dada, ile ya nyuzi ndefu ya kupigia deki, nikaifunga kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, nikaketi kwenye ndoo. Gawanya. Tenga mafungu matatu. Vuka kulia, vuka kushoto... halafu? Vidole vinasimama hewani. Nafumua naanza upya. Dada akirudi sokoni anakuta mopo yake imejaa vifundo.

"Sasa nitapiga deki na nini?"

"Piga na hiyo. Imependeza."

"Haki ya Mungu," dada akasema, "umenimalizia mopo."

Nikacheka. Hata yeye alicheka, akageuza uso nisimwone. Lakini jioni ile ile alirudia wimbo wake. Shule zikifungwa, akienda nyumbani na watoto wake, nitaenda nao kwa mama. Nitakaa huko. Kuna hewa safi, kuna watu wa kuniangalia, hakuna stima wala barabara kubwa. Kiti changu cha saluni kitapata mtu mwingine, na chumba cha Uthiru tutakiachilia.

"Siendi," nikasema. Neno hilo lilikuwa linakuja haraka kuliko mengine yote.

"Utaishi aje peke yako? Jumanne uliacha gesi inavuja."

"Nilisahau."

"Ndiyo hiyo nasema! Ulisahau!"

"Wewe husahau?"

"Mimi sijakufa nikafufuka," dada akasema, na akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa vimeoshwa.

Nijieleze hapa, ili mtu asidhani nilikuwa natunisha kifua tu. Nyumbani nakupenda. Mama nampenda. Lakini najua nyumbani ningekuwa nani. Ningekuwa yule aliyelewa hewa ya jiko la Nairobi. Ningepewa kiti chini ya dirisha na watoto wa majirani wangeonywa wasinipigie kelele. Wangenichagulia nguo. Na siku moja ningezoea, na hicho ndicho nilichokiogopa kuliko kingine: kwamba ningezoea. Mjini nilikuwa na kiti kimoja tu cha kuzunguka chenye ngozi iliyopasuka kando, na watu walipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu kukitafuta. Nikikipoteza hicho kiti, sikujua ningerudi kuwa mtu kupitia mlango gani.

Kulikuwa na jambo moja lililoniuma zaidi, nami sikumwambia mtu. Dada yangu nimemsuka miaka mingi. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anakuja mjini, anaketi kwangu, namsuka matuta ya kurudi nyuma, hataki mtindo mwingine. Kichwa chake nakijua kuliko changu. Ana kovu dogo nyuma ya sikio la kushoto, alikoangukiwa na jembe utotoni, na hapo msuko lazima upindwe kidogo. Sasa tulikuwa tunaishi nyumba moja na hakuna siku aliyoniambia nimsuke. Alikuwa anashinda na kitambaa kichwani, alfajiri anacho, usiku anacho, hata akitoka kuoga anatoka nacho. Nilianza kujiuliza kama labda tangu zamani alikuwa mtu wa kitambaa na ni mimi niliyesahau. Kichwa changu kilikuwa kimenidanganya mengi, na nilikuwa nimechoka kuuliza mambo ambayo kila mtu anayajua.

Siku moja nikajikaza. "Kuja nikusuke," nikamwambia. "Nimefanya mazoezi."

Akashika kile kitambaa kwa mikono miwili, kama mtu aliyesikia upepo. "Wacha. Si sasa."

Nikatoka nikaenda nyuma, nikasimama katikati ya sukuma wiki nikalia. Dada yangu wa damu anaogopa mikono yangu. Kama yeye anaiogopa, ni mteja gani ataikubali?

Shule zilipokaribia kufungwa, daktari aliniita tena Parklands kwa kipimo kingine cha mawimbi. Habari ya nywele ikarudi, na safari hii fundi mwenyewe alieleza kwamba misuko si shida, shida ni ngozi kufunikwa. Misuko ya kulala kichwani inafaa, mradi njia zake ziwe pana na sehemu fulani ziachwe wazi. Mwenzangu alifika Mutuini Jumamosi akanisuka hivyo hivyo, njia pana kama barabara za mtaa wa matajiri. Tulicheka. Dada alitupitia akatazama, akaenda zake.

Kipimo kilifanyika nikiwa macho. Ilikuwa ajabu kuiona mistari yangu mwenyewe ikipita. Fundi akaniambia fumba macho, fumbua, pumua kwa nguvu, na kila nilipofanya, mistari ilifanya yake. Nikajisikia fahari, ya kijinga labda, kwa sababu sikuwa nafanya kitu. Daktari alikuja akaiangalia kwa muda mrefu. Akasema ule uvivu wa Julai umeondoka, bado kuna sehemu moja nzito kidogo, lakini mashine inaonyesha ubongo ulioamka.

"Anaweza kufanya kazi?" dada akauliza.

"Mashine haiwezi kuniambia hilo," daktari akamjibu. "Hilo litaonekana akiwa kazini."

Walikuwa wanazungumza juu ya kichwa changu, na kichwa changu bado kilikuwa na gundi. Nilitafuta neno la kuwaambia. Nililipata tukiwa tumeshafika chini kwenye geti, na daktari yuko juu na mgonjwa mwingine.

Pale getini dada akasema tupitie mjini. Nikafurahi. Halafu akamalizia: tuchukue vitu vyangu, vitana na mafuta na lile sanduku langu, tumrudishie mwenye saluni kiti chake. Tikiti za basi ameshalipia.

Tulipanda zile ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Nilikuwa sijafika tangu Julai. Harufu ya mafuta na nywele zilizochomwa ncha ikanipokea mlangoni. Kiti changu kilikuwa kimefunikwa taulo. Mwenzangu alikuwa amelitandika mwenyewe, akakataa mtu asiketi, na msichana mpya aliyekuwa anakingoja alikuwa amesimama karibu na beseni akijifanya kupanga pini.

Mwenye saluni ni mama wa Ukambani, mkali na mwenye haki. Akanikumbatia, akanishika mashavu, kisha akazungumza na dada. "Mimi nampenda. Lakini hii ni kazi ya vichwa vya watu. Nilisema nikimwona amesuka kichwa moja, mwanzo mpaka mwisho, bila kuambiwa inayofuata, kiti ni yake. Sijamwona."

"Hutamwona," dada akasema polepole. "Tumekuja kuchukua vitu."

"Atanisuka mimi!" mwenzangu akaruka.

"Wewe utamwambia inayofuata," mwenye saluni akasema, na ni kweli angeniambia.

Kulikuwa na wateja wawili pale. Mmoja akazama kwenye simu yake. Wa pili akaugusa msuko wake mpya, akasema kwa upole kwamba yeye ameshamaliza. Sikuwalaumu. Nikatoa taulo kwenye kiti changu, nikalikung'uta, nikageuka.

"Keti," nikamwambia dada.

"Tunachelewa."

"Keti. Kichwa chako nakijua."

"Si leo, mdogo wangu."

Hapo hasira yote ya miezi ikanipanda, na kwa mara ya kwanza tangu Julai maneno yakaja kwa wakati wake, yote, yakisukumana. "Si leo, si sasa, si kesho! Niko kwako, nakula kwako, unanivusha barabara, lakini kunipa kichwa chako hutaki! Sema tu unaogopa mikono yangu! Sema hapa mbele ya watu, nichukue sanduku niende!"

"Siogopi mikono yako."

"Basi ni nini?"

Dada akanitazama. Akafungua fundo la kitambaa, akakivuta.

Nywele zake hazikuwepo. Yaani zilikuwepo, lakini zilikuwa fupi, za kuota upya, zote urefu mmoja, kuanzia paji la uso hadi kisogoni. Kile kichwa nilichokisuka miaka yote kilikuwa kimepitishwa wembe, na si zamani. Nilihesabu miezi ya nywele kwa macho, vile mtu wa kazi yetu anavyohesabu bila kutaka, na zikanirudisha Julai.

Draya moja tu iliendelea kuvuma pale kwenye kona, mpaka mtu akaizima. Mwenye saluni hakuwa wa kwetu, lakini kichwa cha namna ile alijua maana yake.

"Pole, mama," akamwambia dada. "Nani alikufa?"

Dada alikuwa amekunja kile kitambaa mkononi.

"Mimi," nikasema.

Basi akalia, dada yangu, akasema kila kitu kwa pamoja. Yule mtu wa zahanati alipomwambia ajitayarishe, yeye alifika Mutuini akafunga mlango akajinyoa mwenyewe, bila maji, usiku ule ule. Hakungoja kaburi. Hakungoja hata simu. Na kesho yake nilipokataa kufa, akaona amefanya jambo la laana, amemnyolea mtu aliye hai. Akaogopa nikijua nitakufa kweli. Akajifunga kitambaa. Ndiyo maana alitaka niende kwa mama, mbali na majiko na magari, ili ule wembe usinifuate ukanipata Nairobi.

Nilisimama pale nikiwa na hasira na huruma, na siwezi kusema ni ipi iliyokuwa kubwa. Alikuwa amenizika. Amenikorogea uji, ameniosha mgongo, na muda wote huo chini ya kitambaa nilikuwa nimeshazikwa. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumbeba.

"Keti," nikamwambia. "Hayo matanga yako nayasuka leo mpaka yaishe."

Akaketi.

Nywele fupi namna ile ndizo ngumu kuliko zote. Hazishikiki, zinakuponyoka mkononi kila ukipumua. Nikapaka mafuta. Nikapitisha mkia wa kitana kutoka paji mpaka kisogoni, njia ya kwanza, ikanyooka. Nikashika mafungu matatu madogo. Vuka kulia, vuka kushoto, okota kidogo, vuka. Tuta la kwanza likalala. La pili likalala. Kwenye la tatu nilifika katikati, na vidole vikasimama hewani.

Kikapotea kinachofuata. Kilipotea kabisa, nikabaki na mafungu matatu ya nywele mkononi na kioo chote kikinitazama. Nilimwona mwenzangu akifungua mdomo. Nilimwona mwenye saluni akiteremsha macho yake sakafuni, kwa heshima, ili asione.

"Mwacheni," dada akasema. Hakugeuza kichwa. "Mwacheni, atafika."

Nikaacha kulitafuta lile jambo kichwani. Nikasogeza kidole gumba, nikaligusa lile kovu nyuma ya sikio la kushoto. Lilikuwa pale pale. Hapa msuko hupindwa. Nikaupinda, na mkono ukaendelea wenyewe, okota, vuka, okota, vuka, mpaka kisogoni nikafunga.

Sikukwama tena. Wateja walitoka wakaingia wengine, mtu akaleta chai na sikuinywa. Nilipomaliza nilimgeuzia kioo cha mkono aone nyuma. Matuta yalikuwa mafupi kama ya msichana wa shule ya msingi, na mawili hayakulingana vizuri, najua yapi na sitasema. Dada akajitazama sana. Akajigusa.

"Umenibana," akasema.

"Vumilia."

Mwenye saluni alizunguka kile kiti, akapitisha kidole kwenye njia moja baada ya nyingine, akifuta mafuta kwa aproni yake. Yule msichana mpya aliziacha pini zake akasogea kuangalia. Hakuna aliyesema hongera, na nilishukuru, maana ningewatukana.

Dada akainuka. Kitambaa chake kilikuwa kimeanguka chini kati ya nywele za watu. Alikitazama, akakiruka, akachukua mkoba wake. Kisha akamgeukia mwenye saluni, macho mekundu, na kuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kwa hivyo kesho anafaa kufika hapa saa ngapi?"

"Niulize mimi," nikamwambia. "Saa mbili."